Wanunuzi wa Ulaya wanataka ramani ya kila kibanja cha kahawa. Nani alipe, na ramani inabaki ya nani?

KatibuMsingi_Kyerwa

Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika huku Kyerwa, mkoani Kagera, tunakusanya robusta ya maganda, yaani iliyokaushwa bila kukobolewa. Naomba msaada kwa wenye uelewa wa ile sheria ya Umoja wa Ulaya inayozuia kahawa iliyolimwa kwenye msitu uliokatwa, maana kila anayekuja huku anaieleza kwa namna inayomfaa yeye.

Mwaka 2024 kampuni moja inayosafirisha kahawa nje ilituletea vijana wenye simu za kupimia. Walipita vijiji vyetu vyote wakachukua jina la mkulima, namba ya simu, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), na picha yake amesimama mlangoni. Kisha wakatembea mpaka mzima wa kibanja, yaani shamba la nyumbani la migomba na mibuni, wakifuata milamula, ile mimea ya kuwekea mipaka. Wanachama wakaambiwa kwamba bila hiyo ramani kahawa yao haiingii Ulaya kuanzia tarehe 30 Desemba 2024. Nani anataka kahawa yake ilale stoo? Wakakubali. Mwaka ukaisha tukasikia imesogezwa hadi Desemba 2025, na sasa mwezi uliopita tumesikia imesogezwa tena. Wanachama wananitazama mimi kana kwamba ndiye niliyewapa hizo tarehe.

Lakini kilichonileta hapa ni zaidi ya tarehe. Kampuni imerudisha orodha, na wakulima 61 wamewekewa rangi nyekundu. Maelezo ni kwamba vibanja vyao kwenye ramani ya satelaiti ya mwaka 2020 vinaonekana ni msitu, hivyo kahawa yao itatengwa na kununuliwa kwa bei ya chini. Mmoja wao ni mzee ambaye mibuni yake ilipandwa na baba yake, mashina yamenenepa kama paja. Nimekwenda kwake mwenyewe nikaangalia. Juu kuna miti mirefu ya mbao, mihumula na mishambya, chini yake migomba, chini ya migomba ndiyo mibuni, na maharage yamejaza nafasi iliyobaki. Ukiwa angani utaona nini zaidi ya vilele vya miti? Mzee aliniuliza, "Katibu, huo msitu niliukata lini?" Sikuwa na jibu.

Halafu nikaomba nakala ya ramani zetu. Nikajibiwa ni mali ya kampuni. Wakati huohuo amekuja mnunuzi mwingine mwenye bei nzuri zaidi, naye anauliza ramani. Tuanze kuzunguka upya? Na hawa wa kwanza wanataka msimu huu wakate shilingi 50 kwa kila kilo, wanaita gharama ya ufuatiliaji. Mkutano mkuu ni mwezi ujao, nisimame niseme nini?

Muuza_Kemondo

Katibu lala usingizi. Imeahirishwa mara mbili, itaahirishwa na ya tatu. Hata wazungu wenyewe, wenye mashamba na viwanda vyao, wanalia na hiyo sheria. Kahawa ina soko Urusi, Uarabuni, hata hapo Uganda jirani wanaitaka usiku na mchana (usiku zaidi, mnanielewa). Uza kahawa, achana na ramani.

BintiPangani_Hamburg

Kaka Kemondo, usimpoteze mwenzako. Nafanya kazi hapa Hamburg kwenye ofisi ya mwagizaji wa kahawa mbichi, dawati la nyaraka, na hii sheria ndiyo chai yangu ya asubuhi tangu ilipopitishwa mwaka 2023. Namba yake ni 2023/1115. Haijafutwa. Kilichosogezwa ni tarehe ya kuanza kutekelezwa: kampuni kubwa na za kati ni 30 Desemba 2026, ndogo na zile ndogo kabisa ni 30 Juni 2027. Tume ya Ulaya ilitakiwa itoe tathmini ya kurahisisha mambo ifikapo Aprili 2026, kwa hiyo kelele bado zipo, ila ofisini kwetu hakuna aliyeacha kukusanya ramani.

Sasa piga hesabu kurudi nyuma. Kahawa mtakayoanua kati ya Mei na Septemba mwaka huu wa 2026 itakobolewa, ipite mnadani, iteremshwe Dar, ipakiwe melini. Sehemu yake itafika forodha ya Ulaya mwaka huu ukiwa umekwisha. Kinachoangaliwa ni siku kahawa inapoingizwa sokoni huku, kwa hiyo mavuno yaliyoko mtini hivi sasa ndiyo yanayoguswa. Kusubiri hadi Desemba ni kuchelewa.

La pili, mjue sheria inambana nani. Inambana yule wa kwanza anayeingiza kahawa Ulaya. Yeye ndiye anayejaza tamko kwenye mfumo wao, na kwa mabadiliko ya Desemba 2025 walio nyuma yake, wachomaji na wauzaji, hawajazi tena tamko jipya. Mzigo wote umebaki kwa mwagizaji. Nchi wanachama zimetakiwa ziweke faini ambayo kiwango chake cha juu kwa kampuni kisipungue asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka ndani ya Ulaya. Bosi wangu akisikia hiyo namba jasho linamtoka, na jasho lake linatiririka hadi kwa msafirishaji wa Tanzania, kisha kwako katibu. Lakini mkulima wa Kyerwa hana faini wala fomu yoyote anayodaiwa na Ulaya.

Tunachohitaji kwa shamba lililo chini ya hekta 4, yaani karibu ekari 10, ni nukta moja tu: latitudo na longitudo zenye tarakimu sita baada ya desimali. Kuchora mpaka mzima ni lazima kwa mashamba yanayozidi hapo. Namba ya NIDA haimo kwenye sheria. Picha ya mlangoni haimo. Hizo kampuni imezitaka kwa shughuli zake, labda mikopo ya pembejeo, labda vyeti. Mimi hata hivyo naipenda michoro ya mipaka, kwa sababu inaonyesha ukubwa, na mkaguzi akiuliza imekuwaje kibanja kidogo hivi kitoe magunia yote haya, ukubwa unajibu. Mkiwa nayo tayari msiitupe.

Haya, hao 61. Hapa ndipo nimekasirika kwa niaba yenu. Kwa sheria hii msitu ni ardhi inayozidi nusu hekta, yenye miti ya kupita mita 5 na vilele vinavyofunika zaidi ya asilimia 10. Lakini sentensi haiishii hapo. Inatoa nje ardhi ambayo matumizi yake makuu ni kilimo, na kilimo cha mseto wa miti na mazao kimetajwa wazi kuwa ni kilimo. Kibanja cha yule mzee si msitu hata kama mihumula imeziba jua. Na hata kungekuwa na msitu, kosa ni kuugeuza shamba baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mibuni ya baba yake ilikuwa inazaa kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Ramani yenyewe, kama ni ile ya kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya, JRC, Tume imesema haimfungi mtu. Ni chombo cha kusaidia kutazama. Nyekundu maana yake nendeni mkaangalie. Anayeitumia kama hukumu anajiepusha na kazi ya kuangalia, na akinunua kwa bei ya chini anapata faida juu yake.

Mnachoweza kutuma: picha zilizopigwa chini ya miti, zikionyesha mbuni, mgomba na paa la nyumba, simu ikiwa imewashwa GPS ili picha ibebe mahali na tarehe. Picha ya satelaiti ya mwaka 2020 au kabla, zipo za bure mtandaoni. Barua ya serikali ya kijiji kwamba kibanja kilikuwepo. Sisi tunapokea vitu hivyo, tunaviweka kwenye faili la mzigo, na faili linatunzwa miaka 5.

Ila nawe uwe mkweli na orodha yako. Kama kuna wanaopakana na hifadhi ya Ibanda-Kyerwa au Rumanyika-Karagwe, waangalieni mmoja mmoja. Aliyefungua shamba jipya msituni miaka hii mumtenge kweli, kwa sababu kuchanganya hakuruhusiwi. Kibanja kimoja kibovu kwenye orodha ya mzigo kinauangusha mzigo wote.

Wakili_Nyamagana

Dada wa Hamburg ameeleza vizuri upande wa huko. Mimi naongeza wa hapa nyumbani.

Nukta ya shamba iliyofungwa pamoja na jina, simu na NIDA ni taarifa binafsi. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo Dodoma. Anayekusanya anatakiwa awe amesajiliwa na Tume, amweleze mhusika taarifa zake zinakwenda kufanya kazi gani, na asizitumie kwa jambo lingine. Mhusika ana haki ya kuziona na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa. Kuzipeleka nje ya nchi nako kuna masharti yake. Kwa hiyo hilo jibu la "mali ya kampuni" ni la mdomo tu. Kampuni inaweza kumiliki programu na simu. Mkulima haachi kuwa mhusika kwa sababu mtu alikuja na simu kibanjani kwake.

Andikeni barua, lugha ya heshima, iwe na majina na saini za wanachama wanaotaka nakala zao, na nakala iende kwa afisa ushirika wa wilaya. Ombeni mambo mawili ndani ya barua hiyo: nakala ya taarifa kwa faili linalofunguka kwenye programu nyingine, na maandishi ya sababu ya kila jina lililowekewa nyekundu. Wakijibu, mna kitu cha kujadiliana nacho. Wakikaa kimya, ukimya huo unapelekwa Tume ukiwa na tarehe ya kupokelewa barua. Hakikisha mhuri wa kupokelewa umegongwa, wengi husahau hapo.

Kuhusu shilingi 50: hakuna kifungu cha Ulaya kinachomwagiza mkulima alipe. Wala hakuna kinachomkataza mnunuzi kujaribu. Ni suala la mapatano, na kwa chama cha ushirika makato yanaamuliwa na mkutano mkuu, yanaandikwa kwenye muhtasari. Katibu, usikubali kwa simu wala kwa barua ya mwenyekiti peke yake. Kama wanachama wataamua kuchangia, basi kile wanachokichangia kiwe chao: mkataba useme ramani ni ya chama na mkulima, kampuni inapewa ruhusa ya kuitumia kwa mizigo iliyoinunua. Ukilipa nusu ya gharama halafu ukakosa nakala, umemnunulia mwenzako kamba ya kukufungia.

Na msisahau kwamba sheria hiyo ya Ulaya haiangalii miti peke yake. Inataka kahawa iwe imezalishwa kwa kufuata sheria za nchi ilikotoka: haki ya ardhi, kodi, ajira. Wenye hati za kimila watoe nakala. Wasio nazo, barua ya kijiji, huku mkisukuma hati taratibu.

Mkulima_Othaya

Hamjambo kutoka Nyeri. Sisi huku tuliambiwa Kenya iliwekwa kundi la hatari ndogo Mei 2025, kwa hivyo mambo ya ramani hayatuhusu. Mwenyekiti wa sosaiti yetu alitangaza hivyo mkutanoni na watu wakapiga makofi. Ni kweli? Pia nina majani chai kiasi.

BintiPangani_Hamburg

Ndugu wa Othaya, makofi yalikuwa ya mapema. Kundi la hatari ndogo linampunguzia mwagizaji kazi: hafanyi ile tathmini ndefu ya hatari, na mamlaka za huku zinakagua asilimia 1 ya waagizaji badala ya 3 wanaochukua kutoka nchi za kundi la kawaida kama Tanzania na Uganda. Nukta za mashamba bado zinatakiwa, palepale. Ila waagizaji wengine watapenda kununua kwenu kwa sababu ya wepesi huo, na hilo wenzetu wa Kagera walijue. Chai haimo kwenye sheria hii. Imo kahawa, kakao, mawese, mpira, soya, mbao na ng'ombe.

Muuza_Kemondo

Sawa dada, nimekuelewa kuhusu mavuno ya mwaka huu, hapo umenishika. Lakini tuulizane ukweli. Aliyetunza miti ya baba yake ndiye anaitwa mkata misitu, na aliyeng'oa yote akabakiza kahawa juani anawekewa kijani? Hii ni akili ya wapi?

KatibuMsingi_Kyerwa

Asanteni sana. Wakili, barua naanza kuiandika leo, na suala la mhuri nimelizingatia. Binti, Mungu akubariki.

Kemondo amegusa jambo ambalo nilitaka kulisema. Vijana wawili kwenye hiyo orodha ya 61 wameanza kusema wataangusha mihumula ili "watoke kwenye nyekundu". Mmoja tayari ameongea na watu wa mbao, amepewa na bei. Mzee wangu naye ananiuliza kama afanye hivyo. Nimewaomba wasubiri nipate jibu la uhakika.

Na jingine, jana nilijaribu kupima mwenyewe kwa simu yangu. Chini ya migomba namba zinarukaruka. Nikisimama palepale nasoma hivi, nikihesabu kumi nasoma vile. Ipi niandike?

BintiPangani_Hamburg

Kaka, hilo la shoka lizuie leo hii, usisubiri mkutano mkuu. Ramani inayowawekea nyekundu ni ya hali ya mwaka 2020. Ukikata mti leo, picha ya 2020 haibadiliki, bado itaonyesha vilele. Kinachobadilika ni picha ya 2026, ambayo sasa itaonyesha vilele vimetoweka. Mkaguzi akiweka hizo mbili pamoja ataona kitu kilekile anachokitafuta: miti mingi kabla, patupu baada. Mtu aliyekuwa hana kosa atakuwa amejitengenezea ushahidi wa kosa, na kuusafisha itakuwa kazi kubwa kuliko hizo picha tatu nne ninazowaomba. Waambie hivyohivyo. Na kama kijana amekwisha kuangusha mti mmoja wa kujengea, si mwisho wa dunia, apige picha ya kisiki na mibuni inayokizunguka, aandike tarehe.

Kemondo, wa kahawa ya juani kuwa kijani, ndiyo, ndivyo ilivyo kwenye ramani ile. Nimeyasema haya kwenye kikao hapa na watu wakatikisa vichwa, kikao kikaendelea.

Kuhusu simu. Majani yanaizuia isizione satelaiti vizuri. Tafuta uwazi ndani ya kibanja, mara nyingi ni pale uani wanapoanikia kahawa, kama uani nako ni sehemu ya kibanja hichohicho. Simama, usitembee, acha simu itulie mpaka kile kiduara cha makosa kwenye programu kishuke hadi mita chache, ndipo uhifadhi. Mita tatu huku au kule ndani ya kibanja haina neno. Muhimu nukta isiangukie kwa jirani au barabarani.

Angalia sana alama ya kutoa. Ninyi mko kusini mwa ikweta, latitudo yenu inaanza na -1, longitudo ni 30 na kitu. Nimeshapokea orodha ambayo mtu aliandika 1 bila alama, vibanja vyote vikahamia Uganda. Nyingine waligeuza safu, longitudo ikakaa mahali pa latitudo, nikafungua ramani nikakuta wakulima wangu wote wamelima kahawa jangwani Algeria. Nilicheka peke yangu ofisini, lakini mzigo ulikaa bandarini mpaka orodha iliporekebishwa, na kukaa huko kunalipiwa kila siku.

Kwa hiyo daftari la chama liwe na safu hizi: namba ya mwanachama, kijiji, latitudo pamoja na alama yake, longitudo, ukubwa wa kibanja, mwaka mibuni ilipopandwa kwa makadirio ya mwenyewe, na jina la aliyepima. Anzeni na hao 61. Ukimaliza hata kumi tu, nitumie ujumbe wa faragha hapa jukwaani, bila majina wala NIDA, namba ya mwanachama inatosha. Nitazifungua juu ya picha ya 2020 nikuambie zipi zinahitaji picha za chini ya miti na zipi hazina shida.